Miaka Miwili Ambayo Mama Hakuiona

Siku ile nyumbani tulikuwa watu watano. Alikuwepo mama, mwenye nyumba. Nilikuwepo mimi, binti yake wa kwanza, niliyeolewa kijiji cha jirani, mwendo wa kuvuka vibanja vitatu vya migomba na kijito. Alikuwepo mdogo wangu wa kiume, kitinda mimba wa mama, aliyerudi jana yake kutoka Dar es Salaam alikokuwa akisomea udaktari. Alikuwepo shangazi, dada wa marehemu baba, mjane, ambaye alikuwa akiishi na mama ili wasikae kila mmoja na upweke wake. Na alikuwepo balozi wetu wa nyumba kumi. Huyo hakuwa wa damu yetu, lakini yeye na baba walibatizwa siku moja, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kumwita mgeni. Majina yao wote ninayo, na ya baba zao, na ya ng'ombe wa balozi. Siyaandiki. Wana wajukuu wanaojua kusoma kuliko mimi.

Mimi niliishia darasa la nne. Mkono wangu ni wa barua tu, na barua nyingi nilizoandika maishani nilimwandikia huyo mdogo wangu, mama akisema, mimi nikiandika. Katika barua hizo kuna uongo, na uongo huo ndio unaonikalisha hapa kibarazani na daftari, wakati wenzangu wanaanika maharage.

Kwanza niseme habari ya nyasi, maana wajukuu zangu wamezaliwa juu ya saruji. Nyumba ya mama ilikuwa bado ya msonge, ya kwao na baba, na chini tulitandika nyasi, nene, mpaka kwenye nguzo ya katikati. Nyasi mbichi ni laini, mtu hupita juu yake kimya kama paka. Zikikaa wiki kadhaa hukauka, na hapo huanza kusema. Ukikanyaga, zinalia. Akija mgeni wa heshima, unaondoa za zamani na kutandika mbichi. Ndivyo tulivyolelewa.

Sasa narudi nyuma miaka miwili.

Mdogo wangu alipoondoka mara ya kwanza tulimsindikiza mpaka gatini Bukoba. Uhuru ulikuwa umeshapata miaka kadhaa, na neno ujamaa lilikuwa mdomoni mwa kila mtu, hata kwenye harusi. Balozi alipanda juu ya gunia la kahawa akawahutubia wapagazi wasiomjua.

"Huyu si mtoto wa mjane tu! Huyu ni mtoto wa kijiji! Anasomeshwa na serikali, kwa kahawa yetu sote!"

Shangazi akamvuta kanzu. "Shuka, bwana. Meli itaondoka na wewe ukiwa bado unaongea, na huko Mwanza hakuna anayekuhitaji."

Mama hakucheka. Alimshika mwanawe uso kwa mikono miwili, akamtazama muda mrefu, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Kijana hakuwa na ndevu hata moja. Uso ule, wenye jua la jioni upande mmoja, ndio uliobaki kwa mama.

Barua yake ya kwanza ilinuka. Si vibaya sana, ila ilikuwa harufu kali ya dawa. Aliandika kwamba wanasomea maiti zilizohifadhiwa kwenye maji ya dawa, na harufu ile haitoki mikononi hata ukinawa. Shangazi alikataa kuishika barua. Mama aliiweka puani, akavuta pumzi, akasema, "Yuko mzima." Tangu hapo kila barua aliipokea hivyo, kwa pua kwanza, kisha ananipa nisome. Sikufikiri kitu. Nilidhani ni mapenzi tu.

Sisi hatukujua udaktari ni kitu cha miaka mingapi. Tuliona kama ufundi cherehani: mtu anakwenda, anafundishwa, anarudi na sindano yake. Kwa hiyo alipokuja likizo ya kwanza, kahawa zikianza kuwa nyekundu, balozi alizunguka nyumba zote kumi, na ya kumi na moja ambayo haikuwa yake. Asubuhi tulipofungua mlango, foleni ilikuwa imefika kwenye mibuni. Watu walikaa juu ya majani makavu ya migomba wakasubiri, wengine na chakula chao.

Mdogo wangu alitoka na mswaki mdomoni.

"Waitu, samahanini," akasema, na waitu kwetu ni neno la heshima. "Mimi mwaka huu nimesoma mifupa tu."

Mzee wa kwanza, mwenye fimbo, akapiga hatua mbele. "Basi nimefika mahali pangu. Mimi ndiyo inayoniuma."

"Mzee wangu, nimesoma mifupa ya waliokufa."

"Nisubiri kidogo tu, nakuja."

Watu walicheka mpaka mtoto wa mtu akaamka akalia. Balozi hakucheka, aliona serikali imeguswa.

"Mwaka mzima? Wamekuweka mwaka mzima kutazama mifupa?"

"Na misuli, mzee."

"Na misuli!" Balozi akawageukia watu, akapandisha sauti. "Haya! Mwenye misuli?"

Basi wakaondoka mmoja mmoja, bila hasira. Mama mmoja alimwachia mayai aliyoyaleta. Akasema ni ya mwaka ujao.

Likizo ile ninaikumbuka kama mtu anavyokumbuka mvua ya mchana, ile ya jua likiwaka. Nilikuwa nakuja asubuhi kumenya ndizi, naye anaburuta kigoda karibu yangu na kitabu chake kikubwa. Ananishika mkono wenye utomvu wa ndizi, anabonyeza hapa na hapa, anataja. Kiganja, hapa kinapoungana na mkono, kina mifupa minane midogo, na kila mmoja una jina la Kilatini. Kilatini kilikuwa kimetoka kanisani juzi tu, padri ameanza kusoma misa kwa Kiswahili, na shangazi alikuwa bado ananung'unika. Sasa akakisikia jikoni. Msomaji akifika mahali fulani, yeye anaitikia "Amina". Majina yale manane niliyashika yote kabla ya mdogo wangu. Mpaka leo usingizi ukikataa nayasema, nikihesabu kwenye kiganja kama punje za rozari, na kwa kawaida sifiki la sita.

"Dada," aliniambia siku moja, kitabu kimefungwa gotini, "mwaka umekwenda wapi? Nilifungua kitabu hiki kwenye treni baada ya Mwanza. Nilipoinua macho nikajikuta hapa, wewe unamenya ndizi."

"Umelala ndani ya kitabu."

"Labda. Tunaamka giza, tunasoma, kengele, tunakata, kengele, tunakula huku mikono inanuka, tunasoma. Nakuwa najiambia Jumapili nitakaa niifikirie nyumbani. Jumapili inapita nikiwa nafua."

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na nguzo, akimtabasamia. Nilipokumbuka baadaye, nikaona kwamba alikuwa akitabasamia kidogo pembeni mwa uso wake, pale sauti ilipotoka. Lakini hayo ni ya baadaye.

Alirudi chuoni. Senene, wale panzi wetu wa kuliwa, walikuja, tukawakamata, tukawakaanga, tukawajaza kwenye kopo la biskuti tulilopewa na mama wa Kihindi mwenye duka la vitambaa kule Bilele, mjini Bukoba, na mtu aliyekuwa anasafiri akalichukua. Kopo likarudi tupu na salamu. Halafu ikaja miezi ile ya kahawa kuiva moja moja mapema. Siku moja nikachuma pamoja na mama, yeye mbuni huu, mimi ule. Tulipomwaga vikapu vyetu juu ya mkeka, changu kilikuwa chekundu. Cha mama kilikuwa chekundu na kijani, kilichoiva na ambacho hakijaiva, vyote pamoja.

Mama yangu. Aliyekuwa akitupiga vidole kwa punje moja ya kijani.

Nilimtazama. Kwa mara ya kwanza nilimtazama macho. Katikati, pale penye weusi, palikuwa na kitu kama maziwa yaliyomwagika kwenye maji.

"Unaona nini, Mae?"

"Nakuona wewe."

"Nimevaa kitambaa gani?"

Akainua mkono, akakipapasa kitambaa begani kwangu. Kisha akasema, polepole, kwamba ukungu ulianza mwezi mmoja baada ya meli kuondoka. Kwamba likizo ile hakumwona mwanawe ila kama mtu aliye nyuma ya moshi wa jikoni. Kwamba sasa hata moshi wenyewe unazidi kuwa mzito.

"Nimwandikie leo leo," nikasema.

"Ukimwandikia, ataacha shule aje kukaa na mimi. Halafu nyumba hii itakuwa na vipofu wawili." Akanishika mkono. "Anasomea udaktari, si ndiyo? Basi nitamsubiri. Ataniondoa ukungu mwenyewe, kwa mikono yake. Sitaki ya mtu mwingine. Leta karatasi."

Nikaleta karatasi. Nikaandika: Mae hajambo sana, macho yake anaona mpaka kisiwa cha Musira akisimama ukingoni. Maneno ni yake, mkono ni wangu. Na mwezi uliofuata nikaandika tena Musira. Na uliofuata.

Mtu yeyote aliyepita kwa mama hakugundua kitu. Nyumba mama aliijua kama ulimi unavyoujua mdomo. Hatua kutoka kwenye mkeka mpaka mafiga, mpaka mtungi, mpaka mlangoni, zote alikuwa nazo. Watu aliwajua kwa nyasi. Shangazi aliburuta mguu wa kushoto. Mimi nilikanyaga haraka haraka. Balozi alisimama kwanza, akakohoa, kisha nyasi zikalia mara nne mpaka kwenye kigoda chake. Mama alikuwa akimgeukia na kusema "Nyegera, waitu," karibu, kabla yeye hajafungua mdomo, na balozi alikuwa akienda kusifu kijijini kwamba mjane yule ana macho ya mwewe.

Mwaka wa pili ukaisha hivyo. Sijui niseme nini juu yake. Nikiutafuta sasa naona mikono ya mama ikitembea juu ya vitu, na karatasi zangu.

Barua ikaja kwamba anarudi likizo. Mimi na shangazi tukapanga kila kitu. Atakaa kwenye kigoda cha mlangoni, mwanga ukiwa nyuma yake. Mama atakaa kwenye mkeka wake. Tutakuwepo daima, mmoja kulia, mmoja kushoto. Hatukusahau kitu. Na mimi, kwa furaha, siku aliyokuwa anafika nilipanda mlimani nikakata nyasi, mizigo mitatu, nikaondoa za zamani zote, nikatandika mbichi ndani ya nyumba nzima. Kwa heshima. Niliona daktari wa mwaka wa pili hawezi kupokelewa kwenye nyasi za panya.

Alifika jioni amechoka, akala, akalala. Asubuhi ndipo tulipokaa wale watano niliowataja. Nyumba ilikuwa na harufu ya mlima. Balozi alikuwa akieleza habari za shamba la pamoja, ambako kila mtu alikuwa amekwenda na jembe lakini hakuna aliyekuwa amelima. Mimi nikaingia jikoni, nikaleta kile kikapu kidogo cha akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, nikakiweka mikononi mwa mama. Mwenye nyumba ndiye anayempa mgeni. Hilo nalo ndivyo tulivyolelewa.

Mdogo wangu alikuwa ameinuka. Alikwenda ukutani kutazama picha ya baba, iliyotundikwa nyuma ya mama. Alipita juu ya nyasi zangu mbichi, na hazikusema kitu.

Mama akainua kikapu kwa mikono miwili, akakinyoosha kuelekea kwenye kigoda cha mlangoni. Kigoda kilikuwa kitupu.

"Pokea, baba," akasema. "Tafuna kahawa ya kwenu."

Balozi alifungua mdomo. Shangazi akamfinya paja, akaufunga. Mdogo wangu aligeuka pale ukutani. Niliona uso wake, na afadhali nisingeuona. Akaja taratibu, akazunguka, akapitisha kiganja mbele ya macho ya mama, mara moja, mara mbili. Mama aliendelea kukitabasamia kigoda.

"Vipi, umeanza kukataa vya nyumbani? Dar es Salaam wanatafuna nini?"

Mdogo wangu alipiga magoti karibu yake kabisa. "Asante, Mae," akasema, na kuchukua punje mbili.

Mama alishtuka. Kikapu kikatikisika. Kisha akageuza kichwa upande aliodhani nimekaa mimi, na kwa sauti ya chini kabisa akauliza, "Nani amebadilisha nyasi?"

 Mdogo wangu alimwinua mama, akampeleka mlangoni kwenye mwanga, akamwinua kidevu, akatazama jicho la kulia, la kushoto, la kulia tena. Kisha akakaa chini pale pale kizingitini kama mtoto.

"Mwaka wa kwanza nilikata macho ya ng'ombe kwa kisu kidogo," akasema, wala sijui alikuwa akimwambia nani. "Nikachora kile kioo cha ndani. Nikapata alama nzuri. Nikaja hapa, nikala chakula chake mwezi mzima, nikamshika dada mkono nikahesabu mifupa. Na haya sikuyaona." Kisha akanigeukia. "Dada. Musira?"

 Mama alinijibia.

"Mwache. Alikuwa akiandika ninachosema. Sasa umejua, vizuri. Maliza shule uje uniondoe huu ukungu. Imebaki mingapi?"

"Mitatu, Mae. Na mwaka wa kufanya kazi chini ya wakubwa. Na baada ya hapo, kukata macho ni shule nyingine."

"Itakwenda tu. Si unasema kila siku kwamba inakwenda mbio? Hii miwili imepita hata sikuisikia."

Hapo mdogo wangu alishindwa kwa maneno yake mwenyewe. Alitoka nje, akazunguka kibanjani muda mrefu, sisi tukimwona kati ya migomba anatokea na kupotea. Balozi akasema labda amekwenda kutafuta dawa. Shangazi akamwambia anyamaze, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akanyamaza.

Aliporudi alikuwa na tawi dogo la mbuni mkononi. Akakaa mbele ya mama, akamshikisha vidole kwenye matunda.

"Yakoje haya?"

"Yameiva."

"Nikiyaacha mtini mpaka mwaka wa nne?"

"Unauliza kama mtu wa mjini. Yataanguka yaoze."

"Jicho lako ndivyo lilivyo. Kilicho ndani kimeiva. Kinataka kuchumwa sasa. Kwangu miaka inakwenda mbio, Mae, lakini na kwa jicho lako inakwenda mbio. Hospitali ya misheni, huko Muleba, daktari wa macho anapita mwezi huu. Nimesikia habari zake."

"Kahawa yangu inachumwa na watoto wangu."

"Mwaka jana nani alichuma?"

Mama aliinamisha uso. "Majirani. Balozi aliwaita."

"Nyumba kumi zote," balozi akasema haraka.

"Ulipata hasara?"

"Walinivunjia matawi." Akainua uso upande wa balozi. "Wewe mwenyewe ulivunja."

"Moja tu, waitu!"

"Huyo daktari havunji," mdogo wangu akasema. "Na mimi nitakuwepo. Yeye achume, mimi nishike tawi."

Kwa asiyejua: mbuni wetu ukiwa mrefu, huchumi peke yako. Mmoja anavuta tawi chini, analishika bila kutikisika, mwingine anachuma. Mshika tawi akicheza, tawi linaruka na kila kitu kinamwagika. Mama alimfundisha mdogo wangu kazi hiyo alipokuwa na miaka mitano, kwa sababu hakufikia kuchuma. Alikuwa akining'inia kwenye tawi kwa uzito wake wote.

Mama aliyatembeza matunda yale kwenye vidole, moja moja. Kisha akasema, "Usilitikise."

Tulishuka Bukoba, tukapanda basi la Muleba, mama kajifunga kitambaa kipya. Alipitisha mkono nje ya dirisha njia nzima, kuusikia upepo. Hospitalini mdogo wangu alikwenda kuomba ruhusa ya kuingia kwa sista mkuu wa chumba cha kupasulia, mwanamke mfupi mwenye miwani.

"Uko mwaka wa ngapi?"

"Wa pili, sista, nimemaliza."

"Basi hujui kitu."

"Ndiyo, sista."

"Vizuri. Wanaonisumbua ni wanaojua kidogo. Nenda ukanawe mikono."

Mimi nilikaa barazani. Sikuona, naandika alichoniambia. Alisimama kichwani kwa mama, akamshika kichwa kwa viganja viwili, jinsi mama alivyomshika yeye gatini. Daktari aliinama, akafanya kazi yake kwenye jicho la kulia. Mdogo wangu alisema mifupa yote ya kichwa aliyokuwa akiijua kwa majina ilikuwa chini ya vidole vyake, na hakukumbuka hata jina moja. Alikumbuka tu kutotikisika.

Wakati ule, ukishapasuliwa jicho ulilazwa chali, mifuko ya mchanga huku na huku ya kichwa, bandeji macho yote mawili, na ukaambiwa usikohoe, usicheke, usigeuke. Siku saba. Mdogo wangu alikaa kwenye kigoda upande mmoja, mimi upande wa pili. Nje ya dirisha kulikuwa na migomba ya hospitali, na upepo ukiivuruga, kivuli chake kilipita juu ya shuka nyeupe kama maji.

"Sasa nipe miaka yangu," mama akasema siku ya kwanza.

"Miaka gani, Mae?"

"Hiyo miwili. Nilikuwa sikuoni. Nihadithie, kuanzia melini. Usiruke."

Akahadithia. Bahari alivyoiona mara ya kwanza akadhani ni ziwa letu limekosa adabu. Mwenzake wa chumba aliyekuwa akisema majina ya mishipa usingizini, na kukosea, na wenzake kumsahihisha bila yeye kuamka. Yule maiti waliyepewa, mzee mwenye mikono ya mkulima, na jinsi alivyogundua wiki ya pili kwamba anamsalimia kila asubuhi kwa Kihaya, kwa heshima, kimoyomoyo. Mama alitaka kujua kama mzee yule aliitikia. Alitakiwa asicheke, akacheka kwa vidole vya miguu, niliviona chini ya shuka.

Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilikuwa nasinzia na kuamka, na sauti yake inaendelea, na wakati mwingine sikujua kama tuko Muleba au Dar es Salaam ambako sijafika mpaka leo. Mchana wa siku ya nne akanyamaza.

"Halafu?" mama akauliza.

"Halafu nikapanda treni nikaja."

"Basi?"

"Basi, Mae. Yamekwisha."

"Miaka miwili. Na hawajanifungua hata bandeji."

Alifikiri sana juu ya hilo, mdogo wangu. Alisema alikuwa amejua kwamba miaka inakimbia, lakini hakujua kwamba inaenea kwenye siku nne za mtu aliyelala chali. Siku zilizobaki hakuna aliyehadithia. Tulikaa tu. Nadhani ndizo siku ndefu kuliko zote nilizowahi kuwa nazo, na sikutaka ziishe.

Walipomfungua, aliona mwanga kwanza, ukungu mweupe. Wakamjaribisha miwani mizito kama vitako vya chupa, moja, nyingine, ya tatu. Kwenye ya tatu aliwazuia mikono. Alimtazama aliyepiga magoti mbele yake, polepole, kutoka paji la uso kwenda chini, na alipofika kidevuni akanyoosha mkono.

"Hizi ndevu," akasema, "ulizipanda bila kunipa taarifa?"

Mdogo wangu aliushika mkono ule pale pale kidevuni.

"Niliacha mtoto gatini. Nani kanirudishia mwanaume?"

Likizo ikaisha, tukamsindikiza tena, wale wale wanne, balozi safari hii bila gunia. Mama alimtazama mpaka meli ikawa kama punje. Kisha akageuza miwani yake upande, akaona kitu kikubwa cha jiwe juu ya maji, mbele ya mji.

"Na kile?"

"Musira, Mae."

"Kumbe kipo karibu hivyo." Akakitazama kidogo. "Ukimwandikia, mwambie nakiona. Mwambie safari hii ni kweli."

Niliandika jioni ile ile.

Mama mpaka anafariki, mwanawe akiwa daktari wa miaka mingi, aliwaambia watu kwamba ni mtoto wake aliyemwondoa ukungu. Tukimkumbusha juu ya yule daktari mwingine, aliuliza, "Kwani mshika tawi hachumi?"

Sasa mimi mwenyewe naanza kuona maziwa kwenye maji, nami natakiwa kwenda kupasuliwa, ndiyo maana nimeandika haya kabla. Kwenye majina sijakosea, kwa sababu sijaandika hata moja. Mengine sina hakika. Siku za bandeji nimesema saba, shangazi alikuwa akisema tisa. Na nyasi nimesema nilikata mimi. Yawezekana alikata shangazi, nami nimejitwalia kosa lake kwa kuwa sasa naliona zuri. Mdogo wangu nikimuuliza anacheka, anasema siku ile alikuwa akitazama picha ya baba, hakuangalia chini. Kwa hiyo kama yupo mtu wa kwetu, upande ule wa Maruku, aliyeniona nikishuka mlimani na mizigo mitatu, au aliyemwona shangazi, tafadhali anisahihishe. Nitabadilisha.